Kiganja Kwenye Meza ya Sita

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, na nimeikumbuka kwa sababu jana nilikuona ukipakia makopo ya rezini kwenye pikapu, na juu yake jiko la mkaa. Sikutaka kukuuliza mbele ya wenzako. Lakini niliogopa, na ndiyo maana nimekuita kabla hujaondoka kwenda Njombe.

Kabla mgongo haujanikataa, mimi na shangazi yako Lusungu tulikuwa na kibanda cha stika hapa Makambako. Tulianza na pikipiki na mabasi, baadaye zikaja kazi za meza za baa na migahawa. Unajua mwenyewe: picha inabandikwa juu ya mbao, inamwagiwa rezini, ile gundi nzito, ikishakauka ngumu kama kioo hata bia imwagike namna gani unafuta tu. Mimi ndiye niliyeongea na wateja. Mwenye mkono alikuwa dada yangu, ingawa wakati ule usingenisikia nikikiri.

Basi mama mmoja wa Njombe akatupa meza kumi na mbili za baa yake mpya. Alitaka kila meza na picha yake: mashamba ya chai, maparachichi, hadi kanisa alilobatiziwa. Nikamwahidi kwamba Ijumaa zitakuwa zimekauka, afungue Jumamosi. Kazi tuliifanyia hukohuko ndani ya baa yake, na baridi ya Njombe sikuifikiria kabisa. Alhamisi mchana rezini ilikuwa bado inanata kama asali.

Nikawasha majiko mawili ya mkaa, nikayaingiza ndani. Nikafunga madirisha ili vumbi lisishike kwenye meza, na chini ya mlango nikaziba kwa gunia. Nilijiona mjanja kweli.

Lusungu alikuwa ameinama anatoboa viputo kwa sindano. "Mdogo wangu, kichwa kinanigonga," akasema. "Tufungue kidogo."

"Vumilia, dada. Hiyo ni njaa tu. Vumbi likiingia tumekwisha."

Baadaye akasema miguu haina nguvu. Nikamtania kwamba anadeka kama bibi harusi. Hata mimi kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni harufu ya rezini. Simu ikaita, alikuwa yule mama. Nikatoka nje kuongea, nikarudishia mlango, nikalisukuma gunia mahali pake kwa mguu, nikasimama juani kumsifia meza zake.

Nilipogeuka nikamwona kupitia kioo cha dirisha. Alikuwa amelaza kichwa kwenye meza ya sita, na kiganja chake kimezama kwenye rezini mbichi. Lusungu hakuwa mtu wa kugusa rezini mbichi, mwanangu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Aliyemwokoa ni mlinzi wa pale kwenye baa, mzee mmoja wa Ludewa. Alisukuma mlango, akabana pumzi, akaingia na kumburuta hadi kwenye nyasi. Mimi nilisimama tu. Dada yangu hakujitikisa. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama yetu kule kijijini Kichiwa, nianzie wapi, nimshike mkono au nisimame mbali. Nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu.

Yule mzee akamgeuza ubavu, kisha akaniangalia. "Meza umezikinga na vumbi, kijana. Huyu ulimkinga na nini?"

 Kisha Lusungu akakohoa, akatapika, nami nikalia mbele ya watu. Alilazwa siku mbili; daktari alisema ni sumu ya hewa ya mkaa. Na yule mama niliyemwogopa kiasi kile alisema pole tu, akafungua baa yake wiki iliyofuata.

Meza ya sita aliikataa, kwa sababu kiganja kilikauka ndani yake. Ndiyo hiyo ambayo umekula chakula juu yake tangu utoto. Ulikuwa unaweka mkono wako mdogo juu ya kile kiganja na kuuliza ni cha nani, nami nakujibu ni cha shangazi, maliza ugali wako. Sikuwahi kukwambia kwamba aliyekiacha hakuwa na fahamu. Niliona aibu.

Sasa nisikilize. Jiko limebaki, nimelishusha mwenyewe, usilitafute. Rezini isipokauka, mpigie mwenye baa umwambie haijakauka. Atafoka, nawe utamsikiliza mpaka amalize. Na mwenzako akikwambia kichwa kinamuuma, usianze kumpima kama anadeka. Fungua mlango kwanza, mtabishana mkiwa nje.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako, na akujalie kila utakayeingia naye kazini utoke naye akitembea kwa miguu yake.