Kamati ya Gari la Ndunge

Kosa la Ndunge lilikuwa kulisema jambo lenyewe ndani ya lifti. Angejikaza akanyamaza hadi ghorofa ya tano, pengine angelinunua gari lake kama watu wa nchi nyingine wanavyonunua, mtu na hela zake. Lakini Mbuthia wa idara ya uhasibu alimwuliza kama mvua ilimkuta njiani, naye, viatu vikichuruzika maji, akajibu kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho kulowa, anajitayarisha kununua gari. Mlango wa lifti ulipofunguka, Mbuthia alikuwa ameshakuwa mwenyekiti.

Nairobi mtu haachiwi jambo kubwa peke yake. Ukioa, kuna kamati. Ukifiwa, kuna kamati, na marehemu mwenyewe akifufuka atapewa nafasi ya mjumbe wa kawaida. Kuna kamati za kumpeleka kijana kusoma ng'ambo, na kamati za kumpokea akirudi bila shahada. Gari peke yake ndilo lililokuwa limesahauliwa, na Mbuthia, mzee wa kanisa aliyejaliwa uwezo wa kufungua mkutano kwa maombi marefu kuliko mkutano wenyewe, aliona pengo hilo likimwita kwa jina.

Ndunge alikuwa katibu wa meneja katika kampuni ya bima katikati ya mji, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, asiye na mume wala haja ya kueleza kwa nini hana. Tangu usichana wake alikuwa amepiga chapa maamuzi ya watu wengine, akayatia koma mahali pake na kuyapeleka yatiwe sahihi. Gari hili ndilo lingekuwa uamuzi wa kwanza mkubwa usiotoka mezani kwa mtu. Na kwa kweli alikuwa ameshaamua. Katika yadi moja ya magari Barabara ya Ngong palikuwa na kigari kidogo chekundu kutoka Japani, chenye taa za mbele za mviringo zilizokuwa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kila jioni, akirudi nyumbani kwake Kileleshwa, alizunguka kwa njia ndefu ili tu akaone kama bado kipo. Hilo hakulisema ndani ya lifti.

Kamati ilikutana Jumamosi Kenyatta Market, kwenye kibanda cha nyama choma, kwa kuwa hakuna uamuzi wa busara uliowahi kufanywa na watu wenye njaa. Nyama ililetwa juu ya ubao, ikakatwakatwa, kachumbari ikamwagwa pembeni, na Ndunge akaelezwa kwamba mwenye shughuli ndiye hugharamia wajumbe. Mbali na mwenyekiti, alikuwepo Wambua, kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa huko Kitui aliyekuja mjini na basi la alfajiri, na Peres, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye hakualikwa na mtu lakini ambaye hakuna shughuli ya jengo lile iliyowahi kufaulu bila yeye.

Mbuthia alitaka stesheni wagoni, lile gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma, tena jeupe. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba gari hununuliwa kwa kumfikiria yule atakayelinunua baadaye. Rangi nyeupe haimchukizi mtu. Ndunge aliuliza huyo mtu wa baadaye ni nani, na kwa nini anafikiriwa kuliko yeye aliyepo. Mwenyekiti alitabasamu na kuchukua ubavu mwingine. Wambua alikubali stesheni wagoni ila alitaka liwe la kunyanyuka juu, kwa sababu barabara ya kwao ina mawe, na nyuma paingie magunia na mbuzi wawili bila kukunjana. Peres hakujali rangi wala mawe. Alitaka milango minne na viti ambavyo mtu mwenye mwili wake anaweza kukalia kwa heshima, maana Jumapili ni mbali kwenda kanisani kwa miguu.

Ndunge alitafuna polepole akiwatazama. Ilimjia kwamba hawa watu hawakuwa wakichagua gari. Walikuwa wakigawana viti. Gari lilikuwa halijanunuliwa na tayari limejaa, na mahali pekee palipobaki wazi palikuwa pale penye usukani, kazi ambayo hakuna mjumbe aliyeiomba. Kikao kikaazimia kwamba Jumamosi inayofuata kamati nzima itakwenda yadi kukagua, na kwamba kabla ya hapo mwenye gari asiende peke yake, asije akadanganywa.

Jumatano saa ya chakula cha mchana, mwenye gari akaenda peke yake.

Muuzaji alikuwa kijana aliyeitwa Quincy, mwenye tai nyembamba na viatu vilivyochongoka hadi vikatangulia kufika. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akampa chai, kisha akasimama akitazama lango. Ndunge naye akatazama lango. Hakukuwa na mtu.

"Mzee anaegesha?" Quincy aliuliza.

"Mzee gani?"

"Wa kuangalia gari, madam."

Alieleza, bila ubaya wowote, kwamba akina mama huja na mume, au kaka, au hata fundi, halafu maneno ya injini huzungumzwa na hao. Yeye angemshauri madam aje na mtu. Ila asikawie, kwa sababu kuna daktari wa Kilimani anayekitaka hicho chekundu kwa ajili ya binti yake, naye amesema atarudi kesho.

Ndunge aligeuka kutazama lango tena. Akilini alikiona chekundu kikitoka, binti wa watu akiendesha kwa mkono mmoja. Aliona pia stesheni wagoni jeupe, na mbuzi wawili, na Peres. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, ile ya kupokea simu za meneja, ikisema kwa utulivu:

"Mtu mmoja sina. Nina kamati."

Quincy aliacha kuchezea tai. "Ya harusi?"

"Ya gari. Mwenyekiti ni mhasibu, yeye hufungua kwa maombi. Kaka yangu ni mwalimu, lazima alale chini ya kila gari aone mwenyewe. Jirani yangu hujaribu viti. Wanakuja Jumamosi wakishamaliza nyama."

"Viti vya hiki?"

"Vya yadi nzima."

Kijana akakaa chini. Ikabainika kwamba mwezi uliopita ukoo mmoja ulimtembelea kutafuta pikapu. Walifika asubuhi, wakafungua boneti za magari yote, wakanywa chai hadi majani yakaisha, wakabishana wao kwa wao kuhusu shamba lisilohusiana na gari lolote, kisha mzee wao akashukuru Mungu kwa siku njema na wakaondoka kama walivyokuja. Mwenye yadi bado alimtazama Quincy kwa jicho baya kwa sababu ya siku ile.

"Na tukimalizana leo," alisema taratibu, "hiyo kamati itakuja?"

"Tukimalizana leo, ije kufanya nini?"

Mambo yakaenda mbio. Matairi mawili ya nyuma, ambayo asubuhi hiyo yalikuwa mazima kabisa, yalionekana ghafla kuwa yamechoka, yakaahidiwa mapya. Redio iliyokuwa ya kuuzwa kando ikawa zawadi. Ndunge aliomba boneti ifunguliwe, akaitazama injini kwa ukali kwa muda unaostahili, asielewe kitu, akatikisa kichwa. Quincy akaongeza mazulia ya miguuni. Haikuwahi kutokea kamati ikafanya kazi nzuri namna ile, na sababu, kwa maoni ya Ndunge, ni kwamba haikuwepo.

Jumamosi alifika Kenyatta Market akiwa ndani ya chekundu, akakiegesha mbele ya kibanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wajumbe walitoka nje na mikono yenye mafuta. Mbuthia alikizunguka akiwa amefunga mikono mgongoni, kama anayeaga mwili wa marehemu.

"Ni nyekundu," alisema.

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Sasa hii nani atainunua?"

"Nimeshainunua."

Wambua alichungulia nyuma, akapima kwa viganja, na kuuliza kwa huzuni kama dada yake ana ugomvi na mbuzi. Peres hakuuliza kitu. Alifungua mlango, akajiingiza kiti cha nyuma kwa awamu, magoti yakampanda hadi karibu na kidevu, akatangaza kutoka humo kwamba si pabaya, Jumapili panatosha.

Hapo Ndunge akajua kwamba gari bado hajalinunua. Kulipa alikuwa amelipa. Kulifanya liwe lake peke yake lilikuwa jambo jingine, na hapa hapakuwa na Quincy wa kutishwa kwa kamati.

"Peres, jirani yangu," alisema, "Jumapili nitakuwa na safari."

"Ya wapi?"

"Sijajua bado. Ndiyo maana siwezi kukubeba."

Peres alimtazama, akacheka kidogo puani, akaanza kutoka, tena kwa awamu, Wambua akimvuta mkono. Mbuthia, aliyezoea kufufua vikao vilivyokufa, alipendekeza iazimiwe kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio chini ya uongozi uliopo, na kwamba kamati isivunjwe, ibaki kumshauri Ndunge kuhusu bima. Ndunge, anayefanya kazi katika bima, alishukuru. Wajumbe wakarudi kwenye ubao wa nyama. Yeye akawasha gari.

Alipofika njia ya kuingilia kwao Kileleshwa, hakukata. Aliendelea moja kwa moja hadi kwenye mzunguko wa Westlands, akaingia kwa ujasiri, na humo akagundua kwamba kuingia si kazi. Kazi ni kutoka. Mabasi yalimpita pande zote. Alizunguka, akazunguka tena, mikono imeng'ang'ania usukani, simu ikilia mkobani, bila shaka Wambua akitaka kujua kama amefika. Mtu angemwona angedhani ni furaha. Mwishowe lori la mchanga likasita, pakafunguka upenyo, akaupenya, na alipopata nafasi ya kusoma kibao akakuta yuko Waiyaki Way, anaelekea Kangemi, mahali ambapo hakuwa na shughuli wala jamaa.

Alifikiri kidogo, akaona hata Kangemi kunafaa.