Jani la Sale Kutoka Wembley

Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mstaafu aliyepanda Kilimanjaro mara mbili. Mimi nilizaliwa chini ya mlima huohuo, na sikuwahi kuvuka msitu tulikokata majani ya ng'ombe. Basi kila Jumamosi, katika darasa la watu wazima pale Wembley, nilikaa kitini nikifundishwa habari za kwetu. Masomo yalikuwa ya bure, nami nilikuwa na hamu ya nyumbani mpaka inauma. Kumbe nilikuwa najitafutia hasira.

Siku ya mimea ya mlimani mzee yule alileta chungu cha maua, akasema ndio mmea ambao Wachaga huotesha mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya ukoo. Nilishtuka. Majani marefu, mstari wa njano katikati: mmea huo nilikuwa naufuta vumbi kila asubuhi, miaka minane, katika ofisi niliyosafisha. Sale! Mchaga mzima nimepanguza masale kama napanguza meza, mpaka Mzungu aje kunionyesha. Nilimchukia bure.

Kwetu, ukimkosea mtu, unafunga fundo jani la sale unampelekea, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Niliwaeleza wenzangu, wakanipigia makofi. Sikuwaeleza kwamba baba yangu hakuwa amenisemesha tangu mama azikwe bila mimi. Wakati wa mazishi pasipoti yangu ilikuwa imelala wizarani, ombi langu la ukaazi halijajibiwa. Ningetoka Uingereza, nisingeruhusiwa kurudi. Lakini ningeiomba pasipoti ningerudishiwa, na kutoka ningeweza. Nilichagua kubaki, na baba alilijua hilo.

Jumatatu nilikata jani pale ofisini, nikalifunga fundo, nikampa nesi wa kanisani kwetu aliyekuwa anakwenda Moshi. Wiki mbili nilitembea nikijiona nimeshasamehewa. Kisha nikanunua kadi ya simu, nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jani lako limefika."

Nikamshukuru Mungu mapema mno.

"Lina mstari wa njano," akasema. "Sale ni kijani kitupu. Ndilo nililootesha kaburini kwa mama yako. Hili umelitoa wapi?"

Hapo ningelia tu, ningesema nisamehe baba, yakaisha. Badala yake nikaanza kumfundisha. Mtu aliyeotesha masale ya kihamba chetu kwa mikono yake, nikamweleza kwamba ni mmea uleule, ila huu umekuzwa kwa ajili ya mapambo. Kwamba mwalimu wetu amethibitisha, amesomea mambo haya, na mlima wenyewe ameupanda mara mbili. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayejibu mtihani.



"Basi," baba akasema, "mwambie huyo mwalimu wako akusamehe."

Akakata simu. Kadi ilikuwa imebaki na dakika thelathini na nane.