Jua Lililomwachia Kiprono Doa

Siku ile mwezi ulipolimeza jua mchana haijanitoka, mwanangu. Tulikuwa tunachuma chai kwa shamba letu, upande wa Silibwet, mimi na ndugu yangu Kiprono. Alikuwa kijana wa kutumainiwa, anajifunza kuendesha lori la kubeba majani. Mwanga ukafifia, ndege wakanyamaza. Nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, akapaza sauti kutoka mlangoni:

"Inamisheni macho! Jua halitazamwi, hata likiwa linakufa!"

Mimi niliinama. Kiprono akacheka. "Kogo, leo limepoa. Haliumi hata kidogo." Akalikodolea macho mpaka mwezi ukapita.

Na kweli halikumuuma. Huo ndio ubaya wake. Moshi ukikuingia jichoni utatoa machozi na kukimbia. Jua huingia kimya.

Majuto ni mjukuu, lakini kwetu yalizaliwa asubuhi iliyofuata. Kiprono alishika tawi la chai akaniuliza, "Chebet, kichipukizi kiko wapi?" Kilikuwa kati ya vidole vyake. Aliona pembeni tu. Katikati palikuwa na doa jeusi.

Daktari alimkagua kwa muda mrefu. "Mwanga unabeba nguvu," alituambia, "na unapotua, unaiacha hapo. Hata husukuma kile unachogusa, ila kwa udogo ambao mtu hawezi kuusikia. Jicho lako lililikusanya jua mahali pamoja, kama kioo kinavyowasha nyasi kavu. Huko nyuma ya jicho hakuna maumivu. Pameharibika, na dawa sina."

Kogo hakumgombeza. Alimshika mkono akasema, "Mtoto wangu, ningalipaswa kuja nikufunike kwa shuka. Mimi nilipiga kelele tu."

Lori liliendeshwa na mwingine. Miaka ikapita, na mama yetu alipokuwa anakata roho, Kiprono alimwinamia, kisha akageuza uso kando, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kumwona. Mama alidhani hataki kumtazama.

Basi sikia, mwanangu. Ukipita kwa fundi anayechomelea vyuma, geuza uso. Jua likiliwa tena, tazama chini. Usingoje maumivu ndipo uamini hatari. Na ukimwona mwenzako amekodoa, usiishie kumkemea kwa mbali. Nenda umzibe macho kwa mikono yako, hata akikasirika.

Mungu akulindie mboni zako, uzeeke ukiwatambua watu wako.