Spika Tano Katika Chumba cha Majengo

Amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ililetwa kwenye duka letu la kutengeneza redio na karani mmoja wa ofisi aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na nyuma yake kulikuwa na nafasi za kuunganisha spika tano. Sikuwa nimewahi kuona redio inayohitaji zaidi ya mbili. Fundi, mzee wa mtaa wa Majengo aliyenifundisha kazi ya redio na Kiswahili kwa pamoja, aliizungusha taratibu juu ya meza, akagusa kila nafasi kwa kidole. Alisema redio nyingine zote humtengenezea sauti mtu aliyekaa mbele yake, lakini hii humtengenezea mtu aliyekaa katikati.

Stima ilikuwa imekatika kwa karani ikarudi kwa nguvu, na upande wa kushoto ukaungua. Kabla hatujapata transista za kufaa, karani alipewa uhamisho. Hakutaka kubeba mzigo uliokufa nusu, akamwachia fundi. Fundi naye akaniachia mimi.

"Ukiifufua ni yako," alisema. "Usipoifufua pia ni yako, maana mimi siwezi kuiinua."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Baba alitangulia kufariki, na mama akamfuata nikiwa darasa la saba huko Mikinduri. Niliacha shule kabla ya mtihani, nikaja Meru mjini kutafuta kazi, na nilipopata nikawachukua wadogo zangu wawili: ndugu yangu, ambaye mwaka huo alikuwa kidato cha kwanza, na dada yetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la sita. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga huko huko Majengo. Sikuwa na mipango mingi. Nilikuwa na mmoja tu, kwamba hawa wawili wamalize shule niliyoacha mimi.

Na muhula huo mpango wenyewe ulikuwa umeyumba. Mwalimu wa dada yangu aliniandikia barua. Mtoto ni mkaidi, ilisema. Akiitwa haitiki. Imla anaandika nusu. Akisemeshwa anageuza uso. Kama hatabadilika kufikia mwisho wa muhula, shule haitamchukua darasa la saba, na mimi nitafute pengine pa kumpeleka. Nilimsomea barua hiyo, nikamuuliza anataka nini. Alinitazama mdomoni tu. Sikumwamini alipolia. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimempiga kwa kandambili kwa kosa hilo hilo la kutoitika, na nilijiona nimefanya kazi ya mzazi.

Basi mchana nilikuwa na hiyo barua mfukoni, na kila nilipopata nafasi nilikuwa na amplifaya mbele yangu. Ilinichukua miezi miwili. Nilibadilisha transista za kushoto, nikachomelea upya nyaya zilizoyeyuka. Spika za mbele nilizitoa kwenye radiogramu, kabati la redio na santuri, iliyoachwa dukani. Ya katikati ilikuwa spika ya mlango wa gari. Za nyuma nilizitengenezea masanduku kwa kukata katikati mzinga wa zamani wa baba, gogo ambalo nyuki walikuwa wamelihama, na zilipopata joto chumba kilinukia asali na moshi.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaiwasha. Tuliazima deki na televisheni ndogo kwa jirani, na kanda ya video ya wanyama wa msituni. Mwanzoni nilisikia sauti nzuri tu, ya mbele, kama ya redio yoyote iliyo safi. Halafu picha ikaingia chini ya miti, na ndege akalia nyuma ya kichwa changu.

Sijui niliseme vipi jambo hili kwa mtu ambaye amezoea. Chumba chetu kilikuwa na hatua tano kwa nne. Nilijua kila msumari uliokuwa ukutani. Lakini ukuta ule uliondoka. Nyuma yangu palikuwa na msitu, na msitu ule ulikuwa na umbali, na ndani ya umbali huo kulikuwa na kiumbe kinachopumua. Ndugu yangu aligeuka haraka akatazama ukuta, kisha akacheka kwa aibu. Nilijua kila waya uliotengeneza sauti ile, nilikuwa nimeuchomelea mwenyewe, na bado sikuelewa.

Dada yangu hakugeuka. Alitutazama sisi kwanza, ndipo akageuka.

"Huyu," ndugu yangu alisema, "hata mbuzi akimlilia mgongoni atamtafuta mbele."

"Na wewe umetafuta mbuzi ukutani," dada akamjibu, tukacheka wote.

Fundi alikuwa amenifundisha kwamba mashine haijatengenezwa mpaka imepimwa, na kwamba aliyeshika bisibisi hana masikio. Ukishatengeneza kitu kwa miezi miwili, alisema, unasikia unachotaka kusikia. Unapaswa kumkalisha mtu mwingine. Amplifaya ile ilikuwa na kitufe cha kujipima: ukikibonyeza, inatoa mvumo kama wa mvua, kwanza kwa spika ya kushoto, kisha ya katikati, kisha ya kulia, kisha zile mbili za nyuma kwa pamoja, halafu inaanza tena. Mvua inazunguka chumba. Kwetu Mikinduri mvua huisikia kabla hujaiona, ikija juu ya majani ya ndizi kutoka shamba la jirani hadi lako, na hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikipita juu ya vitanda vyetu. Jirani alichungulia mlangoni akauliza kama stesheni imepotea.

Mpimwaji alipaswa kufumba macho na kuonyesha kwa kidole mvua iko wapi. Ndugu yangu alipata zote, lakini sikumhesabu, kwa sababu alikuwa amekaa nami nikiunganisha nyaya na alijua mpangilio. Dada yangu hakuujua. Nilimfunga leso machoni, nikamkalisha kwenye stuli katikati.

Mvua ilianza kushoto. Akaonyesha kulia.

Ikaja katikati. Akaonyesha kulia. Ikaenda kulia, akaonyesha kulia. Ikaenda nyuma, akasita, akaonyesha kulia tena, chini kidogo.

Ndugu yangu aliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimjua dada yangu, hakuwa mwongo hata siku moja, na upande wa kushoto ndio nilioutengeneza. Nikaamini kwamba kazi yangu ilikuwa mbovu, kwamba sauti ya kushoto ilikuwa inavuja kwenda kulia, na masikio yangu yalinidanganya kama fundi alivyoonya. Nikaifungua tena mashine. Kwa siku tatu nilirudia kila kiungo. Nilimkalisha tena dada, nikabadilisha spika, nikabadilisha nyaya. Kila mara aliniambia kulia.

Siku ya nne niliiweka kwenye mkokoteni pamoja na spika zake nikaipeleka dukani, nikamwambia fundi nimeshindwa. Alikaa katikati ya duka, akavua kofia, akafumba macho. Kidole chake kilikwenda kushoto, katikati, kulia, kisha kikapita juu ya bega lake kuelekea nyuma. Alirudia mara mbili. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeamshwa vizuri.

"Mwanangu, mashine haina neno," alisema. "Nani alikwambia kushoto kumekufa?"

"Dada yangu mdogo."

Tabasamu liliondoka. Alivaa kofia.

"Basi acha mashine. Niletee dada yako."

Nilimpitia shuleni jioni ile akiwa na sare. Fundi alimkaribisha, akamuuliza habari za masomo, akamwomba akae kwenye stuli na kufumba macho. Alibonyeza kitufe, na mvua ilipofika kushoto aliizuia hapo isihame. Kisha akaweka kiganja chake juu ya sikio la kulia la mtoto, kwa upole, akakibana.

Spika ya kushoto ilikuwa inanguruma. Mimi niliyesimama mlangoni niliisikia kifuani.

Dada yangu alingoja. Halafu akauliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mmezima?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye baraza ya duka. Niliikumbuka ile barua, nikakumbuka na kandambili. Nilikumbuka pia mwaka uliofuata kifo cha mama, dada alipokuwa na homa na sikio lake la kushoto likatoka usaha kwa wiki nyingi. Nilikuwa mvulana, sikujua la kufanya, nikamtilia mafuta ya moto kidogo kama nilivyoona wengine wakifanya. Usaha ulipokauka nilimshukuru Mungu, nikadhani limepona.

Niliporudi ndani nilimuuliza kwa Kimeru kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Nilidhani ndivyo masikio yalivyo," alisema. "Moja la kazi, lingine la herini."

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilicheka pia, na nadhani ni kicheko hicho kilichoniwezesha kumsikiliza. Kwa sababu siku ile ndipo dada yangu alipoanza kueleza, na mimi nikaanza kustaajabu upya, kuliko nilivyostaajabu kwa ndege wa msituni. Alisema sauti huwa hazina pahali. Zinakuja tu. Mtu akiita, yeye hutazama watu wengine wanageukia wapi, naye anageukia hapo. Barabarani hangoji kusikia gari, anangoja mama yeyote mwenye mtoto avuke. Wakati wa imla, maneno ambayo hayakufika huyatafuta kwenye mdomo wa mwalimu, na mwalimu akiwa ameligeuzia darasa mgongo, basi maneno hayo yamekwenda. Benchi lake lilikuwa mwisho kabisa, sikio la kulia likiwa limeelekea ukutani. Nilielewa pia kwa nini tukitembea alinizunguka kila mara hadi niwe kuliani kwake. Miaka yote hiyo nilidhani ni mchezo wa mtoto. Hakuna aliyemfundisha hata moja kati ya hayo.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Mwalimu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, daftari kwapani. Alikuwa mwanamke mkali, na mimi nilikuwa kijana mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Mzazi," aliniambia, "kila mtoto mkaidi huwa mgonjwa siku ya barua."

Sikubishana. Nilimwomba aje dukani Majengo Jumamosi, apime mwenyewe. Sikutegemea atakuja, lakini alikuja, na nafikiri nusu ya sababu ilikuwa kutaka kuiona hiyo redio ya spika tano ambayo wanafunzi walikuwa wameanza kuisimulia. Nilimkalisha kwenye stuli. Alifumba macho akiwa bado ameshikilia mkoba, akaonyesha kushoto, katikati, kulia, na mvua ilipopita nyuma yake mkoba ulimponyoka mapajani. Hakuuokota. Aliomba irudiwe. Nilirudia mara tatu, na mkunjo wa uso wake uliendelea kulegea.

Kisha nikamkalisha dada yangu, nikamwomba mwalimu aweke kiganja chake mwenyewe juu ya sikio la kulia. Nilizima mashine kabisa. Nilimwambia mwalimu amuite, kwa sauti ya darasani, kutoka kushoto.

Alimwita. Akamwita tena. Mara ya tatu aliinama karibu na shavu lake, na dada yangu aliendelea kukaa macho yamefumbwa, mtulivu, akingoja mtihani uanze.

Mwalimu aliondoa mkono. Alizunguka akaja upande wa kulia, akachuchumaa.

"Jumatatu utakaa benchi la mbele, kule dirishani kushoto, sisi sote tuwe kuliani kwako," alimwambia. "Nikikuita usiposikia, nitakuja mimi."

Kisha alitoka nje, nami nikamfuata. Hapo alisema ile barua niichane, na kwamba ataniandikia nyingine ya kupeleka hospitali. Hospitali walisema baadaye kwamba sikio lile halitarudi, na lile lingine ni zima, tulilinde. Darasa la saba hakuna aliyelitaja tena, maana dada aliingia kama wengine.

Lakini ile Jumatatu, baada ya kumsindikiza hadi lango la shule, nilichovya pamba kwenye mafuta nikaziba sikio langu la kushoto, nikaenda kazini hivyo. Nilitaka kukaa mpaka jioni kama anavyokaa yeye. Kijana wa mkokoteni alinipigia kelele nikaruka kuelekea magurudumu yake. Mteja alizungumza nami kutoka kushoto nikamjibu mtu mwingine. Adhuhuri ikaadhiniwa. Msikiti wa Majengo uko kushoto mwa duka letu, hatua chache tu, na nilikuwa nimeusikia kila siku kwa miaka sita. Nikageuka kulia.

Pamba niliitoa hapo hapo. Nilikuwa nimevumilia kwa muda wa saa nne tu.