Kikombe cha Wakili wa Masjala

Jumapili ile tulikuwa wanne nyumbani kwangu Kabiria. Mimi. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye ni wakili. Baba yake, aliyeshiba akalala kwenye kiti kabla hatujatoa sahani. Na mama ya huyo baba, mkwe mwenzangu, aliyeletwa kwa gari kutoka Karen na kofia yake ya kanisani. Mjukuu ananiita Kukhu kwa kuwa mimi ni wa magharibi. Huyo mwingine anamwita Cucu. Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, lakini mjukuu amenikataza kuandika hata moja, maana kesi bado iko kortini.

Sisi nyanya wawili tulifanya kazi wizara moja, jengo moja la mjini, kabla watoto wetu hawajaoana. Yeye alikuwa sekretari wa mkubwa, ghorofa ya juu. Mimi nilipika chai.

Kazi ya mjukuu nimeielewa hivi. Serikali inashtakiana na watu juu ya ardhi, na karatasi zote za wizara yetu ya zamani zimeingizwa kwenye kompyuta. Yeye anasimamia mawakili vijana huko Upper Hill wanaozisoma moja moja. Nyingi lazima wapewe wapinzani. Lakini barua ambayo wakili wa serikali aliiandikia serikali ni siri, haitolewi. Kwa hiyo kompyuta hupewa orodha ya majina ya mawakili, nayo huziweka kando barua zao.

"Karatasi siwezi kuwaonyesha," alisema. "Nataka tu majina ya mawakili wa enzi zenu. Jumanne saa sita zinatoka. Ikiponyoka moja ya siri, anayeweka sahihi ni mimi, na kazi ndiyo hiyo imeenda."

Alisema "kuwaonyesha", lakini uso alikuwa amemgeuzia Cucu.

Cucu akavaa miwani. "Niachie hapo, mami. Hiyo ofisi niliishika mkononi."

"Kukhu, kuna chai?" mjukuu akaniuliza.

Chai! Miaka yote Cucu na kalamu, mimi na sinia, na sasa hata nyumbani kwangu, mbele ya damu yangu.

Nikaingia jikoni. Kule wizarani kila ofisa alikuwa na kikombe chake, na jina nililiandika kwenye kitako kwa rangi ya kucha, wasije wakagombana. Ndivyo nilivyojifunza kuandika. Shule niliiachia darasa la tatu. Sasa, wakili mmoja hakupata mlango wenye jina. Aliwekwa masjala, huko chini kwenye mafaili. Alipomzika baba yake aliacha majina yake ya awali, akatwaa la baba. Akaniletea kikombe chake cha kijani: "Mama, kwangua hili, andika hili." Nikakwangua. Alipohamishwa aliniachia hicho kikombe.

Niliporudi na sinia nilisimama nyuma ya Cucu, nikaisoma orodha yake polepole. Mwandiko mzuri kama ushonaji. Jina la zamani la yule wa masjala lilikuwemo. Lile jipya, alilotilia sahihi barua miaka yote iliyofuata, halikuwemo.

Nikanyamaza. Tena nikammiminia Cucu katika kikombe kile kile cha kijani. Kila alipokiinua, jina lilinitazama.

"Chai ya mkwe haina mfano," akasema. "Hata mkubwa alikuwa anasema, yule mama wa chai msimguse."

"Asante, mama." Nilitaka akosee. Nilitaka siku moja mjukuu aseme Cucu alinipoteza.

Mlangoni mjukuu alimkumbatia Cucu. "Umeniokoa." Mimi nikabaki na vyombo.

Jumatatu nilifua nguo huku nikiwaza. Kumfikiria Cucu akiaibika kulikuwa kutamu, lakini kila nilipofika mwisho, aliyekuwa anatoka ofisini na katoni ya vitu vyake hakuwa Cucu. Nikapiga simu, haikushikwa. Jumanne asubuhi nikafunga kikombe kwa leso, nikaenda Upper Hill.

"Shosho, hospitali ni ng'ambo ile," mlinzi akaniambia.

"Mimi si mgonjwa. Niitie bosi wa wasoma karatasi."

Mjukuu akashuka mbio. Nikakipindua kikombe: jina jipya, na chini yake mikwaruzo ya lile la zamani, ikisomeka bado. Akanivuta mkono tukapanda. Alipoliandika kwenye kompyuta, barua zikajipanga hadi chini ya kioo, zote zikingoja kutoka.

"Huyu tulidhani ni karani," kijana mmoja akasema, akashika kichwa.

Mjukuu hakucheka. "Kukhu, ulijua lini?"

"Nimekumbuka leo alfajiri. Uzee."

Akampigia Cucu kuhakikisha. Cucu tena! Sauti ikasikika hadi nilipokaa: "Ai, yule wa masjala! Kweli alibadilisha, mimi nilisahau. Si ungemuuliza Kukhu wako? Yeye ndiye alikuwa anatujua sote."

Afadhali angenitukana.

Saa sita karatasi zilitoka bila zile barua. Siku hizi mjukuu akikwama kwa jina hutupigia sote wawili, na mimi humuuliza ameanza na nani.

Haya nimeyaandika nilivyoyakumbuka. Kama kuna aliyekunywa chai yangu enzi zile na kikombe hakikuwa cha kijani, au aliyezikwa alikuwa mjomba, anisahihishe, sitakasirika. Na wewe mjukuu wangu, hapo kwa alfajiri ndipo uanze kunisahihisha. Nilipojua, sinia ilikuwa bado mkononi mwangu.