Kupima Kelele Karibu na Kagongwa

Kabla reli mpya haijajengwa, nilitumwa kupima kelele za kawaida za kijiji kimoja karibu na Kagongwa, ili ijulikane treni ingeongeza kiasi gani. Nikasimamisha kipima sauti uani kwa mama mmoja, nikampa shikamoo, nikamwomba waendelee na shughuli zao kama siku zote.

"Sawa, mwanangu," akasema, kisha akawageukia watu wake na kuweka kidole mdomoni.

Mchi ukalazwa chini. Redio ikazimwa. Jirani aliyeingia akisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" alishikwa mkono akatolewa nje. Niliwasihi waongee, wacheke, hata wagombane. Wakanitazama kwa upole, kama wanavyomtazama mgonjwa. Nilikasirika, lakini utamkasirikiaje mtu anayekuheshimu? Nikashinda kwenye kigoda peke yangu, nikisikiliza pumzi zangu.

Jioni nikafungasha vifaa, nikaaga. Gari lilikuwa halijafika hata barabarani niliposikia kinu kikianza, redio ikafuata, kisha kicheko kikubwa cha yule mama.

Nikamwambia dereva arudi.

Walipoliona gari, wakanyamaza tena.