Fundi wa Mabati Aliyemficha Mama Yake Nyundo kwa Miaka Tisa

Saa mbili asubuhi, Mashimoni, Kibera, jijini Nairobi. Rosebella Aoko anaegemeza ngazi ya mbao ukutani, anatia misumari mfukoni, kisha anapaza sauti ploti nzima isikie.

"Funikeni masufuria! Naenda juu!"

Vifuniko vinagongana chumba baada ya chumba. Fundi akikanyaga bati kuukuu, kutu na masizi hunyesha hadi kwenye chai, na aliyewahi kuinywa chai hiyo haambiwi mara mbili.

Punde si punde mwanamke huyu wa miaka 38 anatambaa juu ya paa, magoti yakifuata mstari wa misumari, maana chini ya misumari ndiko kuliko na mbao ya kumbeba. Ndani, mpangaji aitwaye Eddah, aliyenyeshewa kitandani wiki nzima, amesimama juu ya stuli na kupenyeza kijiti cha ufagio kwenye tundu ili fundi alione kutoka juu.

"Umekiona?" Eddah anauliza.

"Nimekiona. Wachilia."

Rosebella anapaka lami, anabandika kiraka, anapiga msumari. Kisha anajiimbia huku akitafuta tundu jingine, kwa sababu tundu halikai peke yake.

Kazi hii aliianza kwa bahati tu. Alikuwa akifua nguo za watu mtaa wa Olympic, na siku moja fundi Osewe akamwajiri amshikie ngazi. Osewe aliteguka mguu paa likiwa nusu wazi na mawingu yameshaiva, ikabidi mshika ngazi apande. Tangu siku hiyo hajashuka. Msimu wa mvua anaweza kuziba mapaa matano kwa siku, Kibera na Kawangware, kwa shilingi mia tatu tundu moja.

Lakini Rosebella ni Mjaluo wa Siaya, na huko alikozaliwa mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko mkubwa. Akipanda, wanasema, anawaitia mkosi wanaume wa boma lote.

Basi kila mtu ana lake. Kawangware, mteja mmoja aitwaye Mutinda alimtazama akiwa na nyundo mkononi, akamuuliza fundi mwenyewe anafika saa ngapi. Akina mama wa kanisani kwake Kianda wanamwombea aache suruali. Nalo kundi moja la wasichana lilimwalika awaambie kwamba mila ni takataka. Akakataa.

"Hawa wanataka niogope, wale wanataka nisiogope kabisa," anasema, miguu ikining'inia ukingoni mwa paa. "Na mimi ni mtu wa kuogopa kidogo. Sasa huyo mtu wa kuogopa kidogo atakaa wapi?"

Alichagua kukaa kwenye uongo. Kwa miaka tisa alimwambia mama yake, mjane aitwaye Celine, kwamba anauza mabati dukani. Mumewe Shivachi, fundi cherehani Kawangware aliyemshonea suruali yenye mifuko minane ya misumari, alijua kila kitu na akafunga mdomo. "Ningesema nini?" anacheka Shivachi. "Hiyo ni kesi ya yeye na mamake."

Aprili mwaka huu kesi ikafika. Paa la Celine lilikuwa limechakaa, na Rosebella akasafiri kwenda Siaya na mabati mapya. Kazi ya kuyapigilia akapewa binamu yake wa boma la jirani, Obiero, mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu mzuri, ila nyundo na yeye ni mbalimbali. Rosebella akasimama uani, mikono nyuma, akijifanya mgeni.

Obiero alipiga msumari wa kwanza bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Rosebella akauma ulimi. Wa pili, bondeni. Wa kumi na mbili, bondeni. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari wa bondeni ni kualika mvua ndani. Alijua hivyo na akanyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma kuliko matusi yote ya Kawangware.

Jioni mvua ikanyesha, na Celine akaweka beseni kumi na mbili.

Kesho yake Obiero alirudi juu, na Rosebella uzalendo ukamshinda. "Mgongoni, Obiero! Piga mgongoni! Na utoke hapo katikati, fuata mbao, utaanguka!"

Pale uani, Celine akamgeukia bintiye taratibu.

"Muuzaji wa dukani amejulia wapi hayo?"

Rosebella akaeleza yote, machozi yakimtoka, tangu mguu wa Osewe, kisha akaomba ruhusa apande. Alingoja kufukuzwa. Mama yake akaingia ndani, akatoka na leso kichwani, akamwamuru Obiero ashuke, kisha akaishika ngazi kwa mikono yake miwili.

"Niliogopa, sitadanganya," Celine anaeleza kwa simu. "Lakini huo mwiko unataka wanaume wawe nyumbani, na wanangu wa kiume wote wako Nairobi. Na mtoto wangu alikuwa anateseka pale chini kama mtu aliyefungwa. Nikaona afadhali apande niwe nimemshika."

Rosebella alipanda akihesabu vidato vya ngazi, yeye aliyepanda mamia ya mapaa. Aling'oa misumari yote kumi na miwili. "Bado naheshimu kwetu," anasema. "Nilimwomba mama ruhusa, akanipa. Hapo ndipo nilijijua. Mimi ni mtu wa kuomba ruhusa, halafu napanda."

Habari zilimfikia mama mkwe wake, Musimbi, huko Vihiga, ambako mwiko ni uleule. Wiki iliyopita alipiga simu. Paa lake linavuja pia. Alimwomba Rosebella aje Desemba, ila apande Jumapili, majirani wakiwa kanisani, ili asionekane.

Rosebella anashuka, anafuta lami vidoleni, anawatangazia wapangaji kwamba masufuria yanaweza kufunuliwa.

"Nimemwambia, 'Mama, nitakuja, na ukinikataza sipandi,'" anasema. "'Lakini ukiniruhusu, nitapanda Jumamosi, siku ya soko, watu wakipita, na utanishikia ngazi.'"

Na Musimbi alijibu nini?

"Ameniuliza ngazi hushikwa aje."